Kidole cha Dobi

Shati la mwalimu mkuu liliungua Jumanne asubuhi, jua halijafika hata kwenye kizingiti cha kibanda. Lilikuwa shati jeupe la mikono mirefu, limeshapigwa wanga na kunyunyiziwa maji, na kazi ilikuwa imebaki upande mmoja wa kifua tu. Dobi aliinua pasi ya mkaa, akatia kidole mdomoni kukilowesha, akagusa tumbo la pasi kama alivyozoea, akaona iko sawa, akaishusha. Harufu ndiyo iliyomwambia. Alipoinyanyua, pale kifuani palikuwa na doa la kahawia lililochongoka kama ncha ya pasi yenyewe, na katikati ya doa kitambaa kilikuwa kimekonda kama ganda la kitunguu.

Hakupiga kelele. Aliiweka pasi juu ya kigae chake, akatazama mlangoni, akalikunja shati haraka na kulisukuma chini ya meza, nyuma ya karai la wanga. Kisha akachukua shuka la mtu mwingine na kuanza kulinyoosha kwa bidii, kana kwamba lile shuka ndilo lililokuwa na haraka.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Mstari, kwa sababu ya suruali. Ukivaa suruali aliyoinyoosha yeye, ule mstari wa mbele ulisimama toka asubuhi mpaka unaivua, hata ukae chini, hata unyeshewe. Naye hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Kila mteja mpya aliambiwa maneno yaleyale: "Nguo ya mtu haijawahi kuungua juu ya meza hii. Ulizia." Wateja wa zamani walikuwa wakiyasema pamoja naye, kama watoto wa darasa la kwanza.

Mke wake alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, karibu na mlango penye mwanga, akishona uzi wa rangi ndani ya kola za nguo zilizoletwa jana. Ndivyo walivyojua nguo ya nani ni ipi. Huyu uzi mwekundu, yule wa kijani, yule wa njano pande mbili. Pua yake ilikuwa nzima.

"Nini kimeungua?"

"Mkaa. Mkaa wa siku hizi una moshi."

"Mkaa haunuki pamba."

"Basi ni pua yako."

Mama aliinuka. Alimmiminia chai, akampelekea kikombe mezani, na alipokuwa akimkabidhi akakiona kile kidole. Lengelenge jeupe lilikuwa limevimba kwenye ncha, kubwa kama punje ya hindi, linang'aa.

"Ee! Hicho kidole kimefanya nini?"

Dobi alikitazama kama kitu cha jirani. "Hata sijui."

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Hakiumi hata kidogo?"

"Nimekwambia hakiumi, mke wangu. Unataka niseme kinauma ufurahi?"

Mama alikaa chini, sindano mkononi, asishone. Angesema kinauma angempaka mafuta yakaisha. Lakini alikuwa amekumbuka mtungi wa maji ambao siku hizi ulikwisha kabla ya adhuhuri, na yeye mwenyewe hanywi hata nusu yake. Alikumbuka mlango wa nyuma unavyofunguliwa kila usiku mara kwa mara. Na alikumbuka siku mume wake alipofika nyumbani na kandambili moja, akaingia ndani, akakaa, akaomba chakula. Alipomuuliza nyingine iko wapi, akatazama mguu wake mtupu na kustaajabu.

*

Mchana alipita binti yao, anayeuza sahani na vikombe sokoni, na mama yake hakumngoja hata atue kapu.

"Mwonyeshe mwanao kidole."

"Kuna nini cha kuonyesha? Kidole ni kidole."

Binti alikishika, akakigeuza. "Baba, kadi ya bima iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya kabati la vioo, imeegemea vikombe visivyonywewa, vile vya wageni ambao bado hawajaja. Binti mwenyewe ndiye aliyewapeleka kujiandikisha kwenye bima ya serikali, akasimama nao foleni, akalipia kaya nzima. Tangu siku ile kadi ilikuwa pambo. Mama aliifuta vumbi kila Ijumaa pamoja na vikombe.

"Nimewaambia mara ngapi? Mzee aliyefika sitini, mwenye kadi, anapimwa kila mwaka, hatoi hata senti. Sukari, presha, macho, miguu. Hampaswi kungoja mpaka muugue."

"Kadi ni ya wagonjwa," dobi alisema. "Mimi mgonjwa? Mgonjwa anafua mashuka ya nyumba ya wageni nzima?"

"Ndiyo maana yake, baba. Unapimwa kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kukatwa mguu."

Nje mtu alipita akiburuta kiti.

"Mtoto huyu ana mdomo," dobi alisema hatimaye.

"Kaurithi kwako," alisema mama. "Mimi kwetu watu wapole."

Hofu ya dobi haikuwa sindano. Aliogopa maneno. Watu wakisikia Mzee Mstari anaumwa, watasema mikono inatetemeka. Wakisema inatetemeka, watapeleka nguo zao kwa yule kijana wa pasi ya umeme kule karibu na kituo cha mafuta, ambaye ananyoosha suruali inatoka na mistari miwili, kama barabara kuu. Na sasa kulikuwa na lile shati nyuma ya karai. Mtu asiyeunguza ameunguza. Wakilijua na hilo, atabaki nani?

Alikubali kwenda Alhamisi, lakini kwa sharti. "Mtu akituuliza, tumekuja kukupima wewe."

"Sawa," alisema mama. "Mimi ndiye mgonjwa. Twende tu."

*

Alhamisi dobi alivaa shati aliloliandaa mwenyewe na suruali yenye mstari wa kukatia mkate. Kwenye mfuko wa suruali alitia fedha ya shati jipya. Alikuwa amekwisha kupanga. Wakitoka kupima, atamwambia mkewe atangulie, yeye atapita dukani, atanunua shati jeupe la kipimo kilekile, atalifua mara mbili upya wake utoke, atashona uzi mwekundu kwenye kola, na Ijumaa mwalimu mkuu atalivaa kwenye sherehe ya kustaafu kwake bila kujua. Hakuna atakayejua. Hivyo ndivyo alivyoona.

Hakujua kwamba mama alikwishalitoa lile shati nyuma ya karai tangu Jumanne jioni, alipokwenda kumwaga wanga, akalitazama, na kulirudisha kama lilivyokuwa.

Kituo cha afya kilikuwa na mabenchi matatu ya mbao, yote yamejaa wazee, maana Alhamisi ilikuwa siku yao. Wengine walikuwa wamevaa kama wanakwenda harusini. Bibi mmoja alikuwa akimweleza mwenzake habari za goti lake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Dobi akatazama watu, akakaa kwa ghafla na kugeuza uso ukutani. Kwenye benchi la mwisho, nyuma ya gazeti, alikuwa mwalimu mkuu.

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Sijaona kitu."

Zamu yao ilipofika, karani wa dirishani, binti mwenye miwani na kikohozi, aliipokea kadi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Weka kidole hapo."

Palikuwa na kidude cheusi chenye kioo kidogo cha kijani. Dobi aliweka kidole. Kioo kikageuka chekundu.

"Kifute kidogo, mzee."

Alikifuta kwenye shati. Chekundu. Akaweka cha pili, kikawa chekundu. Gumba likakataliwa pia. Karani alimpa kitambaa chenye dawa, akamwambia abonyeze kwa nguvu, abonyeze taratibu, apulizie pumzi. Vidole vyote kumi vilipita juu ya kile kioo na kurudi kama watoto waliofukuzwa shule.

"Vimekwisha kuwa laini," karani alisema, akivitazama. "Hakuna hata kimoja chenye mistari. Siku ya kuandikishwa ilikuwaje?"

"Kilikubali kimoja. Kwa shida."

"Kipi?"

Dobi akainua kile chenye lengelenge.

Karani alikohoa, akatazama picha kwenye kadi, akamtazama mzee. "Picha unafanana. Lakini picha peke yake hairuhusiwi, mzee wangu. Wiki iliyopita alikuja mtu na kadi ya kaka yake marehemu."

"Ndiyo hao!" sauti ya mwanamume ilisema nyuma. "Wanaazimana kadi kama sufuria!"

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, kwa kuchoka kungoja. Lakini dobi masikio yalimwaka. Miaka yote hiyo alipokea nguo za watu zikiwa na fedha mifukoni, pete mifukoni, barua za mapenzi mifukoni, akarudisha vyote vimekunjwa juu ya nguo. Leo amesimama dirishani kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

"Kama mna haraka," karani alisema kwa upole, "dirisha lile la pili mnaweza kulipia taslimu. Hawaulizi kidole."

Mkono wa dobi uliingia mfukoni. Kabla haujatoka, mama aliushika kifundo.

"Hulipi."

"Mke wangu, watu wanangoja."

"Wangoje. Kadi hii ni yako. Binti yetu kaitolea jasho. Ukilipa hapa leo, umekubali mbele ya watu wote hawa kwamba umekuja na kadi ya kuiba." Akamgeukia karani. "Mwanangu, hakuna njia nyingine?"

"Ipo, mama. Mwanachama mwingine anayemfahamu aweke kidole chake, amthibitishe. Lakini si wewe, nyinyi mko kaya moja. Yupo mtu anayekufahamu hapa, mzee?"

Mama alikwishamwona mwalimu mkuu muda mrefu, na angeweza kumwita kwa sauti moja tu. Alikuwa na sauti ya kutosha. Hakumwita. Alimtazama mume wake na kusema polepole, "Sema mwenyewe."

Hapo dobi alijua kwamba mke wake anajua.

Aliangalia mlango wa kutokea. Haukuwa mbali. Akaangalia miguu yake, kandambili zote mbili zipo, na akajikuta anajaribu kuzisikia chini ya nyayo, asizisikie. Akatoka dirishani, akapita mbele ya mabenchi, akasimama mbele ya gazeti.

"Mwalimu. Habari za asubuhi."

Gazeti likashuka. "Aa, Mzee Mstari! Vipi, shati langu limekuja kunifuata mpaka hapa?"

Watu wakacheka. Dobi hakucheka.

"Mwalimu, shati lako nimeliunguza."

Hata bibi wa goti aligeuka kutazama.

"Umeliunguza?"

"Kifuani. Juzi asubuhi. Niliipima pasi kwa kidole kama siku zote, na kidole hakikuniambia kitu." Sauti ilikuwa ikimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilikusudia kununua jingine nikupe kimyakimya usijue. Fedha hii hapa. Ndiyo sababu nimekuja kupimwa. Ni mimi ninayepimwa, si mke wangu. Na pale dirishani mashine imevikataa vidole vyangu, wanataka mtu anayenifahamu. Sasa wewe unanifahamu. Kama unanifahamu kwa shati lile, sawa. Kama kwa mengine, sawa pia."

Mwalimu mkuu alilikunja gazeti mara mbili, akainuka akishikilia kiuno. Alikuwa mrefu, na alizoea watu kungoja anyooke ndipo aongee.

"Mzee Mstari, mimi siku naanza kazi nilikuwa na mashati mawili. Watoto walidhani ninayo kumi, kwa jinsi ulivyokuwa ukiyatunza. Miaka yote ile wazazi walikuwa wakiniheshimu hata kabla sijafungua mdomo, na nilijua wanaheshimu nini." Akakata njia kuelekea dirishani. "Binti, kidole changu hiki hapa. Huyu ni dobi wangu. Na kama mashine haitoshi, hebu tazama."

Aligeuza kola ya shati alilovaa. Uzi mwekundu ulikuwa pale, mishono midogo, imepangwa kama meno ya mtoto.

"Hiyo ni kazi yangu mimi," mama alisema. "Msimpe yeye kila kitu."

Nyuma yao yule mwanamume wa sufuria, mzee mfupi mwenye kofia, alikuwa ameshika kola yake mwenyewe na kuipindua, akijaribu kujiona shingo. "Wa kijani," alisema kwa haya. "Wangu wa kijani."

"Kumbe mteja wetu!" mama akamgeukia. "Mbona ulituita wezi?"

"Sikuwaona uso, mama. Niliona mgongo tu."

"Mgongo wenyewe hukuuona ulivyonyooshwa?"

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na karani naye alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu mkuu aliweka kidole. Kioo kikawa kijani.

*

Ndani, muuguzi alimtoboa kidole, akatoa tone la damu, akasoma kipimo, akaandika, asikunje uso. Kisha akamwambia avue kandambili, alale, afumbe macho. Akatoa kijiti chenye uzi mwembamba mgumu, kama wa kuvulia samaki, akawa anamgusa nao chini ya nyayo.

"Nikikugusa, niambie."

Mama alisimama kando akiangalia. Uzi uligusa kisigino, dobi akasema, "Hapo." Ukagusa katikati ya unyayo. "Hapo." Ukagusa chini ya dole gumba, ukapinda kabisa, na dobi alilala kimya, uso umetulia, akingoja kuguswa. Ukagusa dole la pili. Kimya. Mama alijiziba mdomo kwa mtandio.

"Tayari?" dobi aliuliza. "Mbona hujaanza upande huo?"

Muuguzi alimketisha, akamweleza bila kumtisha na bila kumdanganya. Sukari imepanda, na imekuwepo kwa muda. Imeanza kula hisia za vidole. Zinaweza kurudi kidogo, zinaweza zisirudi. Lakini miguu haina kidonda, damu inapita vizuri, figo zitapimwa leo leo kwa kadi hiyohiyo, na dawa atapewa pale dirishani.

"Ungekuja mwakani, mzee, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Umekuja miguu ikiwa yako yote miwili. Nataka ibaki hivyo. Viatu vya kufunika, na kila jioni mtu aikague."

"Nitaikagua mimi," mama alisema. "Nimezoea kukagua nguo chafu."

"Na pasi, mzee, usiiguse tena kwa kidole. Hicho kidole hakikuambii ukweli."

Dobi aliinamisha kichwa. Hilo lilimwingia kuliko habari ya sukari.

"Na wewe, mama?" muuguzi aliuliza. "Umeshapimwa?"

"Mimi nimemsindikiza tu."

"Muongo huyo!" dobi akaruka. "Muuguzi, huyu ndiye tuliyekuja kumpima! Tulikubaliana tangu nyumbani!"

Mama akaahidi kuja mwezi ujao, Alhamisi ya kwanza. Leo hawezi, alisema, kwa kuwa kuna shati.

*

Mwalimu mkuu alikuwa amekataa fedha. "Ninalitaka lilelile," alisema, "litengenezeni mtakavyojua wenyewe." Basi mchana ule mama alilitandika mapajani, akakata lile doa lote kwa mkasi mdogo, akatoa kitambaa kwenye pindo la nyuma linaloingia ndani ya suruali, akaziba, na juu yake akashona mfuko. Shati lilikuwa na mfuko mmoja. Sasa likawa na miwili, pacha, hujui yupi mkubwa. Dobi alilinyoosha upya. Alichelewa nalo kuliko nguo yoyote ya maisha yake.

Ijumaa mwalimu mkuu alipita kibandani akielekea shuleni, limemkaa kama limezaliwa naye. Kalamu ilikuwa mfuko wa kushoto. Kwenye ule mpya, ukingo wa kadi ya bima ulikuwa umechungulia kidogo.

"Nitawaeleza wote," alisema. "Wakiniuliza mifuko miwili ya nini."

"Waeleze," alisema dobi.

Alipoondoka, dobi alirudi mezani, akaifungua pasi, akaupuliza mkaa mpaka ukawa mwekundu, akaifunga. Mkono wake ukapanda mdomoni wenyewe, kwa mazoea, na ukasimama njiani. Alisimama hivyo, kidole hewani, kama mtu aliyesahau neno.

Mama aliacha sindano. Alikuja, akalowesha kidole chake mwenyewe, akaunyoosha mkono kwenye pasi. "Ngoja. Nitakuwa nakugusia mimi."

Dobi aliudaka ule mkono, akaukunja ndani ya wake.

"Thubutu! Hiki kidole kina kazi mwezi ujao pale dirishani. Nakitaka na mistari yake yote."

Akainama chini ya meza, akatoa kile kipande alichokikata mama, chenye alama ya ncha ya pasi, ambacho yeye alikuwa amekiokota sakafuni. Akakipigilia msumari pembeni ya meza, mbele, mahali ambapo kila mteja akiingia lazima akione. Akaibonyeza pasi juu yake kupima moto, akanusa, akatazama, akangoja, akabonyeza tena. Ilikuwa polepole kuliko kidole. Alipotosheka alivuta suruali ya kwanza.

Mteja aliyeingia alikuwa mgeni, mwanamume mwenye mvi za pembeni, na koti begani. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kile kitambaa.

"Mzee, naambiwa wewe huunguzi nguo. Hiki nini?"

Mama aliinamia kola na kutabasamu, akangoja kusikia.

"Nimeunguza moja," alisema dobi, kifua mbele. "Ya mwalimu mkuu. Keti nikueleze. Lakini kwanza niambie, baba, wewe umri wako unakaribia sitini, au umeshapita?"